Tuna kipato, mbona mtoto wetu haongezeki uzito?

Swali:

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mume wangu wote tumeajiriwa na chakula hakijawahi kukosekana nyumbani. Mtoto wetu ana mwaka 1 na miezi 10. Kliniki wameniambia uzito wake haujapanda kwa miezi 3, na kwa urefu yuko chini. Asubuhi anapata maziwa kwenye chupa na biskuti, saa nne juisi ya pakiti, mchana uji anaopewa na binti anayebaki naye, jioni tunamlisha chakula chetu, wali au viazi na mchuzi, huku akiangalia katuni kwenye simu, la sivyo hafungui mdomo. Usiku anarudia chupa. Jirani yetu anaishi kwa vibarua, lakini mtoto wake wa umri huohuo amenawiri kuliko wangu. Najiona sifai. Kipato kina nafasi gani hasa katika lishe ya mtoto? Au ni kurithi, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mfupi?"

Jibu:

Mama, nianze na hilo la kujiona hufai. Liweke pembeni. Umeona tatizo, umeuliza, na mtoto wa miezi 22 bado ana nafasi kubwa ya kurudi kwenye njia yake ya ukuaji. Nafasi hiyo ndiyo nataka tuitumie.

Kwa kifupi, kipato kinaamua chakula gani kinaweza kuingia nyumbani. Mazoea ya kulisha yanaamua ni kipi kati ya hicho kinafika tumboni mwa mtoto, kikiwa na uzito gani, na mara ngapi kwa siku. Familia inaweza kukwama kwenye la kwanza, au la pili, au yote mawili kwa pamoja. Kwa maelezo yako ninyi mmekwama kwenye la pili, na fedha mliyonayo ndiyo iliyochelewesha kuliona, kwa sababu hakuna anayetilia shaka lishe ya mtoto ambaye kabati la nyumbani kwao limejaa.

Suala la kurithi nilimalize haraka. Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wapatao 8,500 katika nchi 6: Brazili, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Walichukuliwa watoto wanaonyonya, wenye afya, wanaoishi katika mazingira mazuri, ambao mama zao hawavuti sigara. Ilionekana kwamba katika miaka 5 ya mwanzo watoto hao walikua kwa kufanana sana, pamoja na asili zao kuwa tofauti. Viwango vya ukuaji vilivyotolewa mwaka 2006, ambavyo kliniki nyingi duniani zinavitumia mpaka leo, vimetokana na kazi hiyo. Ufupi wako unaweza kumfanya mwanao awe upande wa chini wa chati, lakini akiwa anapanda nayo mwezi hadi mwezi. Uzito kusimama miezi 3 ni jambo jingine kabisa. Katika mwaka wa pili mtoto huongezeka kilo 2 na ushei, kwa hiyo kwa miezi hiyo 3 tulitarajia zaidi ya nusu kilo. Kuna kitu kimemzuia, na hakijatokana na kimo chako.

Sasa kipato. Sitaki mtu asome jibu hili akadhani nasema umaskini si hoja. Ni hoja kubwa. Mkono mtupu haulambwi. Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alichambua matumizi ya familia akaona kwamba kadiri kipato kinavyokuwa kidogo, ndivyo sehemu yake kubwa zaidi inavyoishia kwenye chakula. Mwaka 1941 mchumi wa Marekani, Merrill Bennett, akaonyesha upande wa pili wa jambo hilo: kadiri watu walivyo maskini, ndivyo shibe yao inavyotegemea zaidi nafaka na mizizi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotoa nguvu nyingi kwa bei ndogo. Ukiyaweka hayo mawili pamoja unaona kinachompata mtoto. Bei ikipanda au kibarua kikikosekana, familia haianzi kwa kupunguza wanga. Inaanza kwa kuondoa yai, kisha samaki na nyama, kisha maziwa na matunda. Mtu mzima anaweza kuhimili miezi kadhaa ya sahani ya namna hiyo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi, maana tumbo lake ni dogo, na mwili wake unajenga ubongo, damu na mifupa kwa wakati mmoja.

Kipato kinafika kwa mtoto pia kwa njia ambazo hazionekani kwenye sahani. Maji yasiyo salama humletea kuharisha, na mtoto anayeharisha mara kwa mara hupoteza alichokula, hukosa hamu ya kula, na kila akianza kurudisha uzito huugua tena. Familia isiyomudu kuni au gesi hupika mara moja kwa siku, na mtoto hula kilichobaki kikiwa kimepoa, na pengine kimeharibika.

Halafu kuna muda. Nadhani muda haupewi uzito wake tunapozungumzia umaskini. Mtoto wa umri wa mwanao hula polepole. Anahitaji mtu akae naye dakika 20 au 30, mara 4 au 5 kwa siku. Mama anayetoka alfajiri na kurudi giza limeingia hana dakika hizo, awe anafanya vibarua au analipwa mshahara mzuri. Ndiyo maana kuongezeka kwa kipato wakati mwingine hakumfikii mtoto. Fedha imepatikana kwa kuuza muda uleule ambao yeye aliuhitaji, kisha sehemu ya fedha hiyo inanunua vitu vya kumtuliza upesi: biskuti, juisi, maziwa ya chupa, simu.

Mwezi Juni 2024 UNICEF ilitoa ripoti kuhusu umaskini wa chakula kwa watoto wadogo. Humo vyakula vimegawanywa katika makundi 8: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; mikunde, karanga na mbegu; maziwa na vitokanavyo na maziwa; nyama, kuku na samaki; mayai; matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi; na matunda na mboga nyingine. Mtoto anatakiwa apate angalau makundi 5 kwa siku. Anayepata 2 au pungufu anahesabiwa kuwa katika umaskini mkali wa chakula, na watoto wa chini ya miaka 5 walio katika hali hiyo walikuwa milioni 181, zaidi kidogo ya mmoja katika kila 4. Lakini takwimu ninayotaka uikumbuke ni ya mgawanyo wao. Asilimia 46 walitoka katika familia maskini. Asilimia 54 waliobaki walitoka katika familia zenye uwezo zaidi ya hizo.

Chukua sasa siku ya mwanao uihesabu. Maziwa ya chupa ni kundi moja. Biskuti, uji, wali na viazi, vyote kwa pamoja, ni kundi moja jingine. Juisi ya pakiti haihesabiki kama tunda. Mchuzi usio na nyama, samaki, maharage wala mboga ndani ya kijiko chake ni maji yenye ladha. Hukutaja kama bado ananyonya. Kama ananyonya, hilo ni la tatu, na uendelee nalo mpaka afikishe miaka 2 au hata zaidi. Kama ameacha, basi zipo siku ambazo mwanao, katika nyumba yenye mishahara miwili, anaishia kwenye makundi 2. Nakuambia hivi bila kukulaumu. Watoto wengi wa watu wenye kazi nzuri wanaishi hivyohivyo na hakuna aliyewahi kuwahesabia.

Kuhusu jirani yako, kuna habari moja napenda kila mzazi aijue. Mwishoni mwa 1990 Jerry Sternin na mkewe Monique walifika Vietnam na shirika la Save the Children, wakati watoto wengi vijijini walikuwa na utapiamlo na fedha za kuleta chakula kutoka nje hazikuwepo. Katika vijiji vya mkoa wa Thanh Hoa watoto walipimwa uzito wote, kisha likaulizwa swali moja: yupo mtoto wa familia maskini kabisa ambaye uzito wake ni mzuri? Walikuwepo. Wanakijiji wenyewe wakaenda kwenye nyumba hizo kutazama kinachofanyika jikoni. Waliwakuta akina mama wanaookota kamba wadogo na kaa kwenye mashamba ya mpunga, pamoja na majani ya viazi vitamu, wakivichanganya kwenye wali wa mtoto. Vilikuwa vya bure, vilikuwa vya kila mtu, lakini majirani waliamini havimfai mtoto mdogo. Jingine walilokuta ni kwamba, wakati nyumba nyingi zililisha watoto mara 2 kwa siku, kabla na baada ya kazi za shamba, hao waligawa kiasi kilekile cha chakula katika milo 4 au 5 midogo. Mtoto alinawishwa mikono kabla ya kula. Akiharisha, hakunyimwa chakula. Na alikuwepo mtu wa kukaa naye na kumhimiza.

Hao walikuwa na umaskini uleule, mashamba yaleyale na wali uleule kama wenzao. Sijui jirani yako anafanya nini, lakini ningekuwa wewe ningemtembelea kwa heshima na kumuuliza mtoto wake alikula nini tangu jana asubuhi, saa kwa saa. Naamini utatoka na mambo 2 au 3 ya kuchukua.

Usiigeuze habari hiyo, hata hivyo, kuwa fimbo ya kuwachapia maskini. Akina mama wale walikuwa na mahali pa kuokota. Pale ambapo hakuna cha kuokota wala cha kununua, mafunzo ya lishe hayajazi tumbo la mtu. Mexico ilipoanzisha mpango wa Progresa mwaka 1997, fedha zilikabidhiwa kwa akina mama wenyewe, kwa sharti la kuwapeleka watoto kliniki na shule, na watoto wadogo wakapewa na chakula cha kuongeza virutubisho. Tathmini zilizofuata zilionyesha kwamba watoto wadogo wa familia hizo waliongezeka kimo zaidi ya ilivyotarajiwa bila mpango. Fedha, huduma na maarifa viliingia nyumba moja kwa wakati mmoja. Ninyi fedha na huduma mnazo. Tuongeze kilichobaki.

Naanza na chupa, kwa sababu nadhani ndiyo inayokula nafasi ya kila kitu kingine. Hukusema anamaliza chupa ngapi. Mtoto anayeamka na chupa na kulala nayo anaweza kufikisha lita moja kwa siku bila mtu yeyote kugundua, hasa chupa zinapotolewa na watu watatu tofauti. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta ina zaidi ya kilokalori 600 (kilokalori ni kipimo cha nguvu inayopatikana kwenye chakula). Mahitaji yake yote ya siku ni takribani 900. Theluthi mbili ya njaa yake imekwisha kabla kijiko hakijagusa mdomo, na imemalizwa na chakula ambacho karibu hakina madini ya chuma: anahitaji miligramu 7 kwa siku, na lita nzima ya maziwa haimpi hata 1. Upungufu huo ukiendelea damu hupungua, na mtoto aliyepungukiwa damu hupoteza hamu ya kula, kwa hiyo anazidi kukimbilia chupa. Na kama mtu anayaongeza maji maziwa hayo ili yatoshe siku nzima, hali ni mbaya zaidi, kwani tumbo linajaa lakini nguvu haiingii. Uliza hilo kwa upole, usidhani tu.

Maziwa ni chakula kizuri na simkatazi. Nusu lita kwa siku inamtosha, kwenye kikombe, baada ya chakula. Chupa ya usiku iondoke kabisa, hata kwa ajili ya meno. Usiku 3 au 4 za mwanzo zitakuwa na kilio, jiandaeni na baba yake mpokezane. Akiamka mpe maji kidogo kwa kikombe, umbembeleze. Juisi usiipunguze polepole, acha kuinunua.

Biskuti nazo ziache dukani. Fedha inayokwenda kwenye juisi na biskuti za wiki nzima, ukiihesabu kwa uaminifu, karibu kila mahali inatosha kumnunulia mtoto mmoja mayai ya wiki hiyo.

Uji wa mchana unanipa wasiwasi wa aina nyingine. Tumbo la mtoto hubeba takribani gramu 30 kwa kila kilo ya mwili wake, yaani mtoto wa kilo 10 anajaa kwa mililita 300 hivi, kikombe kimoja cha kawaida na kidogo juu yake. Uji mwepesi unaotiririka kutoka kwenye kijiko kama chai unaweza kuwa na kilokalori 120 tu katika ujazo huo. Chakula kizito kinachotulia kwenye kijiko bila kumwagika kinampa mara mbili ya hapo kwa tumbo lilelile. Mwangalie binti anavyokoroga: kwa kawaida uji wa mtoto hufanywa mwepesi ili umezeke upesi, wakati mwingine upite hata kwenye chupa. Mwanao ana meno na ana miezi 22, anaweza kutafuna. Mchana anastahili mlo kamili: viazi au wali, pamoja na maharage yaliyopondwa, samaki aliyetolewa miiba au nyama iliyokatwa vipande vidogo sana, mboga za majani, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta juu yake. Kijiko hicho pekee kina kilokalori kama 40, na hakiongezi ujazo unaoonekana. Kama uji utabaki, ubaki kama kitafunwa cha asubuhi, uwe mzito, uchanganywe na karanga zilizosagwa laini na maziwa. Karanga nzima usimpe, zinaweza kumpalia.

Kwa ajili ya damu, ini mara moja kwa wiki kwa kiasi kidogo linasaidia sana, na nyama au samaki siku nyingine. Siku ya maharage, mpe na tunda chachu kama chungwa, kwa sababu vitamini C huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mimea. Chai hufanya kinyume chake. Watoto wengi hupewa chai pamoja na chakula kwa nia njema tu. Isogezeni mbali na sahani yake, na ningependa aikose kabisa katika umri huu.

Tuje kwenye simu. Naelewa ilivyoanza, kwa sababu huanza hivyohivyo karibu kila nyumba. Katika mwaka wa kwanza mtoto alizidisha uzito wake wa kuzaliwa mara 3, na alikula kwa bidii ya kumwezesha hilo. Baada ya hapo ukuaji hupungua kasi, hamu nayo hupungua. Mzazi anaona mtoto "ameacha kula", anaogopa, anaanza kumbembeleza, kumkimbiza na kijiko sebuleni, kumshika kidevu. Mtoto anajifunza kwamba kula ni vita. Katuni inakuja kama suluhu: macho yamekwama kwenye kioo, mdomo unafunguka wenyewe. Lakini mtoto huyo hali kwa sababu ana njaa, wala haachi kwa sababu ameshiba. Haoni chakula, hajui rangi yake, hajifunzi kutafuna vizuri. Siku betri ikiisha, chakula nacho kimeisha.

Zima simu, ya kwenu pia. Mketishe mezani au kwenye mkeka pamoja nanyi. Mpe bakuli lake mwenyewe, ili ujue amekula kiasi gani, na kijiko chake hata kama nusu itaishia sakafuni. Kaeni dakika 20 hadi 30. Mwangalie usoni, mtajie chakula, msifie anapojaribu. Akigeuza kichwa, subiri kidogo, mjaribu tena mara moja au mbili, akikataa ondoa chakula bila hasira na bila kumletea biskuti kama mbadala. Baada ya saa 2 au 3 kuna mlo mwingine. Katikati ni maji tu. Kazi yako ni kuamua ale nini, lini na wapi. Kiasi mwachie yeye.

Wazazi huniuliza kama mtoto mdogo kweli anaweza kuaminiwa na kiasi. Daktari wa watoto wa Marekani, Clara Davis, aliwaachia watoto walioachishwa ziwa wachague wenyewe kutoka kwenye vyakula mbalimbali walivyowekewa, bila mtu kuwashawishi. Mwaka 1939 alipotoa taarifa ya watoto 15, walikuwa wamekua vizuri, ingawa kila mmoja alikula kwa mtindo wake. Yeye mwenyewe alieleza siri ilipokuwa: orodha ya vyakula ilipangwa na watu wazima, na haikuwa na sukari wala kitu kilichosindikwa. Mtoto aliaminiwa ndani ya uchaguzi mzuri. Ukimwachia mwanao achague kati ya yai na biskuti, atachukua biskuti, na hatakuwa na kosa.

Kuhusu chakula kipya, usikate tamaa siku ya tatu. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi hukiogopa chakula wasichokizoea, na huenda ukalazimika kukiweka mbele yake mara 8, 10 au zaidi kabla hajakikubali. Weka kidogo sana, kijiko kimoja cha mboga pembeni ya chakula anachokipenda, na ule wewe mwenyewe akikuona.

Nimeacha jambo ninaloliona kuwa muhimu kuliko mengi ya hapo juu. Mtu anayeamua lishe ya mwanao kwa saa zote za mchana ni binti anayebaki naye. Je, anajua kwamba uzito umesimama? Je, ana ruhusa ya kuchukua yai bila kuuliza? Katika nyumba nyingi za watu wenye kazi, vyakula vizuri vinawekwa kwa ajili ya jioni, wakubwa wakirudi, na mlezi anaogopa kuvigusa. Mtoto anakula uji mezani huku samaki akiwa kwenye friji. Kaa naye jioni moja, mwambie kama mwenzako katika kazi hii, mpangie sehemu ya mtoto kwenye chombo chake maalumu, na yeye mwenyewe ale chakula hichohicho. Pika naye siku za mapumziko ili aone uzito wa chakula unaoutaka. Usimpe orodha ya makatazo kisha ukaondoka. Na baba wa mtoto naye asikilize mazungumzo hayo, maana mara nyingi mnofu wa mtoto huishia kwenye sahani ya mkubwa kwa mazoea tu.

Siku yake ingeweza kuwa hivi. Saa moja asubuhi, kabla hamjaondoka, uji mzito wenye karanga au yai na kipande cha mkate, kisha maziwa kwenye kikombe. Hapo angalau mzazi mmoja akae naye. Saa nne, tunda lililokatwakatwa na mtindi. Saa saba, mlo kamili niliouelezea. Saa kumi, kitafunwa kingine chenye maana, kama kiazi kitamu kilichochemshwa, parachichi au nusu yai. Saa moja jioni, chakula cha familia, mkiwa wote, sehemu yake ikiwa imetolewa kabla ya pilipili na chumvi nyingi. Kila mlo aanze kwa kunawa mikono kwa sabuni, na anayemlisha pia. Kiasi cha kulenga katika milo mikubwa ni robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima.

Akiugua, usipunguze milo. Mpe kidogo kidogo mara nyingi zaidi, vinywaji zaidi, na akipona muongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2.

Pamoja na haya yote, mpeleke kwa daktari wiki hii, usisubiri tarehe ya kliniki. Miezi 3 bila gramu kuongezeka inahitaji macho ya daktari, kwa sababu upo uwezekano wa ugonjwa uliojificha: upungufu wa damu, maambukizi ya njia ya mkojo, minyoo, kifua kikuu, au tatizo la utumbo kushindwa kunyonya chakula. Omba apimwe damu na mzunguko wa mkono wa juu. Mzunguko ukiwa chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo wa wastani na anahitaji mpango maalumu; chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali na matibabu yaanze mara moja. Miguu yote miwili ikivimba, au akikataa kula kabisa, au akitapika kila anachokula, au akilegea, nenda siku hiyohiyo hata kama ni usiku.

Kuanzia kesho, wewe na binti andikeni kwenye daftari kila alichokula na kunywa kwa siku 7, pamoja na maziwa kwa mililita. Daftari hilo liende kwa daktari. Apimwe tena baada ya wiki 2 kwenye mizani ileile, akiwa na nguo nyepesi, kisha baada ya wiki 4. Ikifika wiki ya nne, chupa ya usiku imeondoka, milo imefuatwa na uzito bado umesimama, mwambie daktari waziwazi kwamba chakula kimerekebishwa, na umwombe uchunguzi wa kina zaidi au rufaa kwa bingwa wa watoto.